Wino wa pweza: Si sumu, si dawa, ni nini basi?

KILA jioni, jua linapotua nyuma ya majahazi, wauza vyakula wa bustani ya Forodhani mjini Zanzibar huwasha taa zao na kupanga minyiri ya pweza juu ya meza, tayari kwa makaa. Anachokiona mteja ni nyama yenye rangi ya zambarau iliyokaribia nyekundu. Weusi haupo. Wino ambao mnyama huyu anajulikana nao duniani kote ulikwishatupwa mapema, pamoja na matumbo, ufuoni alikotolewa au jikoni alikosafishwa.

Mara chache mtu huuliza umekwenda wapi. Hata hivyo, ukiuanzisha mjadala huo katika baraza yoyote ya Mji Mkongwe hukosi kusikia kauli mbili zinazopingana. Wapo wanaoshikilia kuwa wino wa pweza ni sumu, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutupwa kwake. Wapo pia wanaoamini kuwa ni dawa, na kwamba nguvu zinazosifiwa katika supu ya pweza asili yake ni humo.

Mazungumzo hayo yanaweza kuonekana kuwa ni soga za kupitishia jioni, lakini yanagusa afya na mifuko ya watu. Pweza ni kitoweo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, ni fedha ya mkononi kwa wanawake wa vijiji vya pwani, na ni bidhaa inayosafirishwa kutoka Tanzania hadi masoko ya Ulaya, Italia na Ureno zikiwemo. Mtu anayekila kitu, anayekiuza au anayekinunua kwa imani ya kutibiwa ana haki ya kujua kimetengenezwa kwa nini.

Kiwanda ndani ya fuko

Pweza anayevuliwa zaidi katika miamba ya visiwa vyetu ni yule ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, jina alilopewa na Mwingereza John Edward Gray mwaka 1849. Wengi wa jamaa zake hutoka usiku, lakini huyu huwinda mchana, na kwa hiyo hukutana na macho ya maadui zake katika mwanga mweupe. Kwa mnyama asiye na gamba, asiye na mfupa hata mmoja na mwenye nyama laini inayopendwa na kila mwenye meno baharini, wino ni miongoni mwa silaha chache alizonazo.

Lile fuko la mviringo ambalo wengi wetu hulita kichwa cha pweza kwa hakika ni kiwiliwili chake. Humo mna mioyo mitatu, matamvua ya kupumulia, ini na matumbo. Kifuko cha wino kimeshikamana na ini, tena kimezama ndani yake, na mrija wake hufungukia karibu na mwisho wa utumbo. Wino unapotolewa hupita katika bomba lile lile ambalo pweza hulitumia kurusha maji anapokimbia, na hiyo ndiyo sababu ya wino na mbio kwenda pamoja.

Ndani ya kifuko mna tezi, na katika tezi hiyo kazi haisimami. Seli zake huchukua tairosini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini katika chakula chochote cha nyama au samaki. Kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, ambacho hakiwezi kufanya kazi bila madini ya shaba, huigeuza tairosini hiyo kuwa kitu kiitwacho dopa. Dopa nayo hupita hatua kadhaa za kikemia, kila hatua ikizidi kukoza rangi, mpaka inakuwa chembe nyeusi ti. Seli zikikomaa huvunjika na kuzimwaga chembe hizo kifukoni, kisha seli nyingine hushika nafasi.

Chembe hizo ni melanini. Jina hilo si geni kwa msomaji aliyewahi kusikia habari za ngozi, kwa kuwa melanini ndiyo inayotupa weusi wa nywele, wa mboni na wa ngozi zetu. Mama anayemsuka binti yake uani huko Mbuyuni au Malindi ameshika mikononi rangi ya jamaa moja na ile inayotapika kutoka kwa pweza mwambani. Tofauti ni kwamba sisi tumeifungia mwilini ili itukinge na jua, na pweza anaimwaga nje ili imkinge na meno.

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu wino huu hayakutokana na pweza mwenyewe bali na binamu yake, ngisi dome, hasa yule wa bahari za Ulaya aitwaye Sepia officinalis. Sababu ni nyepesi: kifuko cha dome ni kikubwa, hutoka kizima bila kupasuka, na wino wake ni mwingi. Kwa dome huyo, melanini ni takriban asilimia 15 ya uzito wa wino mbichi. Protini ni sehemu ndogo zaidi, na kiasi kikubwa kilichosalia ni maji. Chembe moja ya melanini ina upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kwa hiyo unywele mmoja wa binadamu unazipita upana mara mamia kadhaa.

Melanini haiyeyuki katika maji. Chembe zake huelea tu, kama masizi yaliyotiwa katika bilauri. Anayelisafisha dome huku amevaa kanzu nyeupe atalijua hilo kwa gharama yake, maana doa lake halisikii sabuni.

Yapo na mengine humo: asidi amino zilizo huru, taurini ikiwa mojawapo, glutameti, ambayo ndiyo inayoupa wino ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, dopa iliyobaki bila kugeuzwa, dopamini, vimeng'enya, pamoja na madini ya baharini kama kalisi na magnesi ambayo melanini ina tabia ya kuyanasa.

Lakini kinachotoka bombani si melanini peke yake. Ndani ya bomba lile kuna kiungo kingine ambacho kazi yake ni kutoa ute mzito, mithili ya kamasi. Ute huo huchanganyika na wino wakati wa kutoka, na pweza anaweza kuuzidisha au kuupunguza. Hapo ndipo penye siri ya mchezo wenyewe.

Kivuli cha pweza

Ute ukiwa kidogo, wino hutawanyika haraka na kuwa wingu kubwa jeusi. Nyuma ya wingu hilo pweza hubadilisha rangi, hujisukuma kwa maji na kutoweka. Watu wengi wanaijua njia hii tu.

Ute ukiwa mwingi, wino hautawanyiki. Hukaa pamoja kama bonge linaloelea, lenye ukubwa unaokaribia ule wa pweza mwenyewe, na wakati huo huo mwenyewe anageuka mweupe na kuondoka. Mkunga au chewa aliyekuwa akimwandama hubaki na vitu viwili mbele yake: kimoja cheusi kilichotulia mahali pale pale alipomwona windo lake, na kingine cheupe kinachofifia pembeni. Mara nyingi huchagua cheusi.

Roy Caldwell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza mwaka 2005 namna vitoto vya kasa wa kijani vilivyomshambulia pweza mdogo wa aina ya Octopus bocki. Pweza alitoa mabonge ya wino, nao kasa wakayauma mabonge badala ya pweza. Kasa wa kijani ni wale wale wanaotaga katika fukwe za visiwa vyetu, na wavuvi wa Nungwi wanawafahamu vizuri. Mnyama huyu si mjinga wa kuona, lakini alihadaika.

Aidha, udanganyifu huo hauishii machoni. Mwaka 2010 watafiti waliofanya majaribio kwa ngisi wa bahari ya Karibi walionyesha kwamba wino unaweza pia kumchukiza samaki, akatema chakula kilichopakwa wino ambacho kwa kawaida angekimeza. Wengine waliofanya kazi na ngisi wa pwani ya California katika miaka ya 1990 walipima dopa na dopamini ndani ya wino na kuona kuwa ngisi mwenyewe huzinusa. Maana yake ni kwamba wino wa mmoja unaweza kuwa king'ora kwa wenzake walio jirani: hapa pana hatari, ondokeni.

Ushahidi mwingine wa kazi ya wino unatoka mahali ambapo haupo. Pweza wa kilindini wenye mapezi kama masikio, wanaoishi katika giza ambalo jua halifiki, hawana kifuko cha wino. Wingu jeusi lina faida gani katika giza?

Sumu iko kwingine

Sasa turudi barazani. Je, wino ni sumu?

Jibu ni hapana, kwa maana inayoeleweka na mlaji wa kawaida. Waitalia hula tambi nyeusi zilizotiwa wino wa dome, Wahispania hupika wali mweusi kwa wino wa ngisi, na Wajapani nao wana vyakula vyao vya namna hiyo. Kwa watalii wa Kiitalia ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifurika hoteli za Kiwengwa, sahani nyeusi ni jambo la kawaida kabisa nyumbani kwao. Mtu wa kuwa na tahadhari ni yule ambaye mwili wake unakataa vyakula vya baharini kama ngisi, chaza na kamba, kwa sababu wino nao una protini.

Sumu ya pweza ipo, ila haimo kwenye wino. Imo katika mate. Pweza ana mdomo mgumu kama wa kasuku, uliofichwa katikati ya minyiri, na anapomkamata kaa humuuma na kumtia mate yanayomlegeza. Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Bryan Fry, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, ilionyesha kuwa sumu ya aina hiyo imeenea kwa pweza na dome kwa jumla, siyo kwa wachache tu kama ilivyodhaniwa. Kwa binadamu, kuumwa na pweza wa kwetu ni maumivu na uvimbe. Anayeua ni yule mdogo mwenye duara za buluu, maarufu katika bahari za Australia na Asia, ambaye mate yake yana sumu kali inayoziba pumzi. Naye, kama kwamba hahitaji tena kujificha, kifuko chake cha wino kimepungua.

Hata hivyo, ipo sababu nzuri ya kuendelea kuyatupa matumbo ya pweza kama wazee walivyofanya, ingawa siyo ile inayotajwa barazani. Ini la pweza, kama la ngisi na dome, hukusanya madini ya kadimi kutoka katika chakula chake. Kadimi ikizidi mwilini mwa binadamu huharibu figo. Kwa kuwa kifuko cha wino cha pweza kimezama ndani ya ini, ni vigumu kukitoa bila kulichana ini lenyewe, na kilichomo ni kidogo. Kifuko cha dome hutoka peke yake, kikiwa safi na kimejaa. Hiyo ndiyo sababu hata huko Ulaya wino unaoliwa, licha ya kwamba watu huuita kwa majina mengi, kwa kawaida si wa pweza.

Mpishi wa Zanzibar anayeligeuza fuko la pweza nje ndani na kulisafisha lote hapotezi kitu.

Supu na sifa zake

Upande wa dawa una mashabiki wengi zaidi, na una biashara nyuma yake. Kuanzia Darajani hadi vituo vya daladala vya Dar es Salaam, supu ya pweza huuzwa jioni ikiwa ya moto, katika vikombe, na wateja wake wakubwa ni wanaume. Sifa yake inajulikana na haihitaji kuandikwa kwa kirefu hapa.

Kwanza, ieleweke kwamba supu hiyo kwa kawaida haina wino. Ingekuwa nao ingekuwa nyeusi. Ule wekundu wa zambarau unaoonekana katika kikombe unatokana na ngozi. Ngozi ya pweza ina maelfu ya vijifuko vya rangi za njano, nyekundu na kahawia, kila kimoja kikivutwa na misuli inayoamriwa na mishipa ya fahamu. Hivyo ndivyo anavyoweza kugeuka kutoka rangi ya jiwe hadi rangi ya mchanga kabla hujakonyeza. Rangi hizo si melanini ya kifukoni. Zikichemshwa ndizo zinazoingia kwenye supu. Hivyo dhana nyingine iliyoenea, kwamba pweza hujibadilisha kwa kutumia wino wake, nayo haina ukweli: ni mitambo miwili tofauti katika mwili mmoja.

Pili, nyama ya pweza ni chakula kizuri. Ina protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya zinki, chuma na shaba, vitamini B12 na taurini. Mtu aliyeshinda na njaa akanywa kikombe cha supu hiyo ya moto, yenye ndimu na pilipili, atajisikia ana nguvu, na hakuna wa kumkatalia. Kutoka hapo hadi kusema kuwa supu inatibu upungufu wa nguvu za kiume ni safari ndefu ambayo sayansi haijaifanya. Tatizo hilo mara nyingi huwa dalili ya kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, na mwenye nalo anayeridhika na kikombe kila jioni huenda anachelewa kumwona daktari.

Kuhusu wino wenyewe kuwa dawa, habari hizo zina chanzo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani waliripoti kuwa viini fulani vilivyotengwa kutoka katika wino wa ngisi vilizuia uvimbe wa saratani kwa panya wa maabara. Tangu hapo tafiti za namna hiyo zimeongezeka, nyingine zikihusu bakteria, nyingine vidonda. Karibu zote ni za kwenye vichupa na panya. Tiba iliyothibitishwa kwa binadamu haijatoka humo. Anayeuziwa unga mweusi au chupa ya wino kwa jina la dawa ya saratani anauziwa matumaini ya panya.

Wino na kalamu

Kwa kuwa Kiswahili kinatumia neno moja, wino, kwa kinachotoka kwa pweza na kinachotoka kwenye kalamu, ni haki kuuliza kama umewahi kuandikiwa.

Umewahi. Jina la rangi ya kahawia ambalo wapiga picha wa Ulaya huliita sepia ni jina la Kigiriki la dome, na kuanzia mwisho wa karne ya 18 wachoraji wa Ulaya waliupenda sana wino wake uliokaushwa na kusagwa. Udhaifu wake ni kuwa hupauka katika mwanga mkali. Picha za kale za kahawia zinazoning'inia katika maduka ya Mji Mkongwe, zile za masultani na majahazi, hazina uhusiano wowote na dome isipokuwa jina. Rangi hiyo hupatikana kwa dawa za picha zinazoigeuza fedha iliyomo kwenye karatasi.

Kwa upande wa huku kwetu, wino wa vyuoni, ule wa kuandikia aya kwenye ubao, ulikuwa wa masizi. Masizi ni kaboni, nayo haipauki juani. Kwa pwani yenye jua kama hili, walimu walichagua vyema.

Lakini uimara wa melanini usidharauliwe. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Lyme Regis, Uingereza, mkusanyaji wa visukuku Mary Anning aligundua vifuko vya wino vilivyogeuka mawe ndani ya mabaki ya wanyama wa jamii ya ngisi waliokwisha kutoweka duniani. Rafiki yake, Elizabeth Philpot, alivisaga, akachanganya na maji na kuchorea picha. Mwaka 2012 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa visukuku kama hivyo kutoka Uingereza, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 160. Waliikuta melanini ikiwa bado ni melanini, isiyotofautika kwa vipimo vyao na ile ya dome anayeogelea leo. Nyama ya mnyama huyo iliteketea na zama zake zikapita, ila wino ulibaki.

Mwambani

Silaha iliyodumu muda wote huo ina adui mmoja ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake.

Wakati wa bamvua, maji yanapotoka na kuuacha mwamba wazi katika pwani za Jambiani, Paje na Kizimkazi, wanawake hushuka na fimbo au vyuma vyenye ncha kuchokoa pweza. Ni kazi ya tangu enzi, inayorithishwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na inahitaji jicho. Pweza haonekani. Kinachoonekana ni tundu, vifuu vya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni, na vijiwe vilivyopangwa kuuziba.

Dhidi ya mkunga, wino hufanya kazi kwa sababu kuna bahari ya kukimbilia. Dhidi ya mchokoaji, pweza yumo ndani ya tundu lenye maji ya kufika kifundo cha mguu. Akitoa wino, hana pa kwenda, na wingu jeusi linalofumka mlangoni ni tangazo kwamba mwenye nyumba yupo. Wanaofuga pweza katika matangi wanajua jambo lingine: wino mwingi katika maji yasiyobadilika unaweza kumdhuru mwenyewe, kwa kuziba matamvua anayopumulia.

Zamani uvuvi wa mwambani ulijiwekea mipaka wenyewe, maana miguu haifiki penye kina. Bei ilipopanda na wanunuzi wa kusafirisha nje walipofika vijijini, wanaume wenye miwani ya kuzamia na mikuki waliingia katika maji ya mbele zaidi, ambako zamani pweza wakubwa walikuwa salama. Matokeo yake ni yale yanayolalamikiwa katika kila diko: pweza wengi wanaoletwa ni wadogo. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zimekataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, lakini katika tundu lenye wino uliotibuka nani atampima kabla ya kumchoma?

Njia iliyoonekana kufaa zaidi ni kuufunga mwamba. Wanavijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, walianza kufanya hivyo mwaka 2004, na kuanzia katikati ya miaka ya 2010 utaratibu huo ukaingia Zanzibar, Kisiwa Panza huko Pemba na baadaye Kizimkazi kwa upande wa Unguja, kwa msaada wa taasisi ya Mwambao. Kijiji huchagua sehemu ya mwamba, hukubaliana isiguswe kwa muda, kwa kawaida kama miezi mitatu, kisha huifungua siku moja iliyotangazwa. Sehemu nyingine hubaki wazi ili watu wasikose kitoweo.

Miezi mitatu inaweza kuonekana michache, lakini maisha ya pweza huyu ni mafupi: mwaka mmoja, mwaka na nusu akibahatika. Hukua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaiweza, na aliyeachwa akiwa mdogo wakati wa kufunga huwa mzito mara kadhaa siku ya kufungua. Wengine huwahi kuzaa. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Hutundika mayai kwenye dari ya tundu, huyapuliza maji usiku na mchana, hali chochote, na hufa yanapokaribia kumalizika kuanguliwa. Watoto hutoka tunduni na kuchukuliwa na mkondo, wadogo kuliko punje ya mchele, na kila mmoja wao tayari ana kifuko chake cha wino.